Geti lililolia Kabale: kwa wewe unayeanza kupaka rangi

Kazi yangu ya kwanza bila msimamizi ilikuwa geti la chuma kule Kabale, Uganda, mwezi wa Julai. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za koti. Nilifungua kopo la rangi ya mafuta nikakuta imegoma. Brashi inavuta kama imechovywa kwenye asali, na kila ikipita inaacha mistari. Nikamimina thina (kimiminika cha kulegeza rangi ya mafuta) kwa kukisia, nikaongeza tena, mpaka ikateleza vizuri. Saa tano jua likapiga lile chuma, rangi ikaanza kushuka. Mama mwenye nyumba akatoka, akatazama kimya, kisha akauliza: "Fundi, mbona geti langu linalia?"

Nilichokuwa nacheza nacho bila kukijua ni mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyojizuia kikitaka kutiririka. Mnato wa mafuta na wa rangi hushuka sana joto linapopanda. Asubuhi ile ugumu wote ulikuwa wa baridi, si wa rangi. Ningengoja kwa muda wa saa mbili, au ningelitia kopo ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu (mbali na moto kabisa, mvuke wa thina unawaka), nisingehitaji hata nusu ya thina ile. Ukipelekwa Arua, kwenye joto, shida itageuka: chuma cha mchana kinaunguza kiganja, basi geti lipakwe asubuhi na mapema au likiwa kivulini.

Sasa kuna kosa ambalo karibu kila kijana anakuja nalo saiti. Akiona rangi haienei, anasema ni nzito. Mara nyingi si kweli. Mnato unaamua kasi ya kuenea. Kama kimiminika kitaenea au hakitaenea, hilo ni la uso kinapotua na mvutano wa kimiminika chenyewe, yaani nguvu inayokivuta kijikusanye kuwa tone. Usiniamini mimi, chukua kipande cha kioo. Kioshe kwa sabuni, kisuuze, kikauke. Nusu moja ipake vaselini kidogo kwa kidole, kisha dondosha maji kila upande. Kwenye upande safi tone linalala na kutanuka. Kwenye vaselini linajikunja kama shanga. Maji ni yaleyale, mnato ni uleule. Halafu dondosha mafuta ya alizeti kwenye vaselini palepale. Mnato wake ni kama mara 50 ya maji, lakini yatatambaa polepole pale maji yalipokataa.

Kwa hiyo rangi ikijikusanya na kuacha vidoa vitupu, weka thina chini, shika kitambaa. Kuta za jikoni zilizokula moshi wa makaa na mafuta ya kukaangia miaka kumi hazipakiki bila kuoshwa, hata uipunguze rangi iwe kama chai.

Kuhusu michirizi, sikiliza hesabu hii, maana iliniokoa zaidi ya yote. Ukutani, tabaka likiwa nene maradufu, uso wake hushuka kwa kasi mara 4, na kiasi cha rangi kinachoteremka kwa muda uleule kinakuwa mara 8. Mnato ukipungua nusu, vyote viwili huongezeka mara 2 tu. Maana yake geti langu lililia kwa thina, ndiyo, ila lililia zaidi kwa mkono wangu uliobeba rangi nyingi. Paka mara mbili nyembamba, ya kwanza ikauke. Lakini usipitilize: tabaka jembamba mno halina nguvu ya kusawazisha mistari ya brashi kabla halijakauka.

Rangi ya maji ina tabia yake nyingine. Kwenye ndoo imetulia kama mtindi, mgeni anadhani imeharibika. Ikoroge, ipitishe rola, inalegea. Ukiiacha inarudi kushikamana, ndiyo maana haidondoki kutoka darini. Wengi wanaijaza maji kwa sababu ya ule mtindi wa kwenye ndoo, kisha wanashangaa ukuta wa zamani unaonekana chini yake. Soma kopo limeruhusu kiasi gani, ukomee hapo.

Na acha kupima kwa jicho. Viwandani wana vikombe vyenye tundu chini, wanahesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Changu ni kopo la nyanya lenye tundu la msumari. Halinipi mnato kwa vipimo vya maabara, linaniambia tu kama mchanganyiko wa leo unafanana na wa jana. Geti la Kabale nililikwangua kwa msasa siku mbili, kwa gharama yangu, nikalipaka upya. Sekunde za mara ile ya pili niliziandika kwa penseli ubavuni mwa kopo, pamoja na saa na hali ya hewa: 31, saa nne, mawingu.