Herufi kama sisimizi: maswali yenu kuhusu menyu za Linux

Safari hii maswali mengi yamebeba kilio kimoja. Mtu ameweka Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, intaneti inashika, printa inachapa, ila menyu hazisomeki. Nimechagua machache niyajibu moja moja. Amri nilizotoa ziandikeni kama zilivyo, maana Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Shikamoo fundi. Nimenunua laptopu ya mtumba, inchi 14, kioo cha pikseli 1920 kwa 1080, nikaweka Linux Mint ya Cinnamon. Ile yangu ya zamani nayo ilikuwa inchi 14, ila pikseli 1366 kwa 768, na Mint ni hiihii. Mbona kule nilisoma vizuri na huku menyu zimesinyaa? Nimeharibu nini? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hujaharibu kitu, wala muuzaji hajakupiga. Kwa kweli umepata kioo kizuri kuliko cha kwanza.

Tuhesabu kidogo, kwa sababu ukiielewa hesabu hii matatizo mengine yote ya leo utayatatua mwenyewe. Pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha kwenye kioo. Ukigawanya pikseli za mshazari kwa inchi 14, kioo cha zamani kina pikseli kama 112 kwa kila inchi, na hiki kipya kina 157. Linux isipoambiwa vingine huchukulia kwamba kioo chochote kina 96. Sasa herufi ya pointi 10, kwa kipimo cha wapiga chapa, ina kimo cha milimita 3.5, kwa kuwa pointi 72 ni inchi moja. Kwa ile 96, kompyuta inaichora kwa pikseli 13 hivi. Pikseli hizo 13 kwenye kioo chako cha zamani zilikuwa milimita 3. Kwenye hiki kipya ni milimita 2 na kidogo, na hapo ni kuanzia kichwa cha "h" hadi mkia wa "g". Herufi kama "a" na "e" zinaambulia karibu nusu ya hapo. Chukua rula uweke juu ya kioo, utaona mwenyewe. Kuna laptopu za inchi 13.3 zenye pikseli 3840 kwa 2160, na huko mstari mzima wa menyu unabaki na milimita moja.

Dawa: fungua "Font Selection", utafute "Text scaling factor". Itakuwa 1.0. Ipandishe hadi 1.2, kisha 1.3, ukiwa umeacha menyu yoyote wazi pembeni uione ikikua. Kwa kioo chako wengi huridhika kati ya 1.2 na 1.4. Picha ndogondogo za vitufe hazitakua, ni maandishi tu, na kwa kazi za shule hilo linatosha. Ukitaka kila kitu kikue, Mint imekuwa na ukuzaji wa asilimia 125 na 150 tangu toleo la 20 la mwaka 2020, ndani ya "Display".

Mwanangu, mimi ni mstaafu. Laptopu yangu ina Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kioo ni 1920 kwa 1080. Menyu zilinishinda kabisa, nikawa nazipiga picha kwa simu, naivuta picha kwa vidole viwili, nasoma, ndipo narudi kubofya. Kijana mmoja wa dukani akanishushia kioo hadi 1366 kwa 768. Sasa herufi ni kubwa lakini zimefifia kama zimelowa maji, na kichwa kinaniuma. Tatizo ni miwani? (Mzee wa Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye simu nimeparudia mara mbili. Mtu hapaswi kuhangaika namna hiyo ili afungue faili lake mwenyewe.

Miwani yako haina kosa. Kijana alikuwa na nia njema, lakini alichofanya ndicho ninachowaomba mafundi wote waache. Pikseli za kioo cha laptopu zimejengwa humo kiwandani, 1920 kwa upana, hazipungui. Ukimwambia Ubuntu achore picha ya 1366, kioo kinalazimika kuitandaza juu ya zile 1920, yaani kila pikseli moja ya picha ikalie pikseli moja na nne ya kumi za kioo. Nne ya kumi haichoreki. Kinachofanyika ni kuchanganya rangi. Chukua lenzi ya kukuzia uangalie herufi "i" kwenye menyu yako: mguu wake ulipaswa kuwa nguzo moja nyeusi iliyonyooka, lakini utakuta nguzo nyeusi na kivuli cha kijivu kimeegemea ubavuni. Macho yako siku nzima yanajaribu kukiondoa kivuli hicho. Ndiyo maana kichwa kinauma.

Fanya hivi. Fungua "Settings", ingia "Displays", kwenye "Resolution" rudisha 1920 kwa 1080. Herufi zitakuwa ndogo tena, usiogope. Kisha ingia "Accessibility", halafu "Seeing", uwashe "Large Text". Hapo hapo maandishi yote ya menyu yanazidishwa mara 1.25, na yanabaki makali kwa sababu sasa herufi inachorwa upya kwa pikseli nyingi zaidi, haivutwi kama picha ile ya simuni. Isipotosha, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, terminali (dirisha la kuandikia amri) itafunguka, uandike:

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.5

Ukipenda 1.4 au 1.6, badilisha namba ya mwisho. Hakuna haja ya kuzima mashine. Mzee, ukimaliza naomba unijulishe kama kichwa kimepoa.

Natumia Xfce, ule muonekano mwepesi wa Linux, kwa sababu mashine yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nimekuza fonti kwenye "Appearance", menyu zimekua, lakini vichwa vya madirisha vimebaki vilevile, na paneli ya chini ni nyembamba kama uzi. (Msomaji wa Eldoret)

Ni kwa sababu vitu hivyo vitatu vinachorwa na programu tatu tofauti. Fonti uliyobadilisha ni ya ndani ya madirisha. Kichwa cha dirisha kinatawaliwa na "Window Manager", na paneli ina mipangilio yake peke yake.

Badala ya kuvifukuzia kimoja kimoja, rudisha fonti kwenye 10. Papo hapo kwenye "Fonts" weka alama kwenye "Custom DPI setting" uandike 120. Hiyo 120 (DPI ni idadi ya pikseli kwa kila inchi) ndiyo ile 96 niliyomweleza mwanafunzi wa Morogoro, ikizidishwa kwa 1.25. Ukitaka nusu zaidi ya ile 96, andika 144. Maandishi yote yatafuata, pamoja na vichwa vya madirisha. Kwa unene wa paneli, ibofye kwa kitufe cha kulia, ingia "Panel Preferences", uongeze "Row Size" hadi 36 hivi. Programu zilizokuwa wazi huenda zisibadilike mpaka utoke na kuingia upya.

Assalaam alaykum ndugu. Ofisini nina laptopu ya inchi 14 na skrini ya nje ya inchi 24, zote 1920 kwa 1080. Nikikuza herufi zisomeke kwenye laptopu, kwenye skrini kubwa zinakuwa kama mabango ya barabarani. Nitumie Ubuntu 24.04 namna gani ili zote mbili zikae sawa? (Msomaji wa Mombasa)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Skrini yako ya inchi 24 ina pikseli kama 92 kwa inchi, karibu sawa na ile 96 inayotegemewa, ndiyo maana yenyewe ilikuwa sawa tangu mwanzo. Shida ni kuzilazimisha mbili zitumie namba moja.

Angalia kwanza unatumia mfumo gani wa kuchora madirisha:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ikijibu "x11", umekaa kwenye mfumo ambao toleo lake hili, la 11, lilitoka mwaka 1987, na kwa matumizi ya kawaida huo una DPI moja kwa skrini zote. Toka, na kwenye ukurasa wa kuandika nywila bofya alama ya gurudumu la meno chini kulia, uchague "Ubuntu" badala ya "Ubuntu on Xorg". Sasa utakuwa kwenye Wayland, mfumo mpya zaidi wa kuchora madirisha, ambako kila skrini ina kipimo chake. Ndani ya "Displays" washa "Fractional Scaling", laptopu uipe asilimia 125 au 150, skrini kubwa uiache 100. "Text scaling factor" irudishe 1.0, la sivyo utakuza mara mbili.

Baadhi ya programu za zamani ambazo hazijahamia Wayland zitaonekana zimefifia kidogo kwenye laptopu. Mimi programu kama hizo nazihamishia skrini kubwa nikafanyia kazi huko.

Menyu zote sasa ni nzuri isipokuwa programu moja ya hesabu za duka. Hiyo imegoma, herufi ni zilezile. Imeandikwa kwa Java. (Mfanyabiashara, Dodoma)

Kuna programu ambazo hazisikilizi mipangilio ya mfumo, unazungumza nazo kivyake. Angalia toleo la Java kwa "java -version". Kama ni 8, hiyo haijui kukuza kwenye Linux; unahitaji 9 au zaidi, lakini kabla ya kupandisha uliza mwenye programu kama itakubali, na utunze nakala ya hesabu zako kwenye flashi kwanza. Hesabu za duka zikipotea, herufi kubwa hazitakufaa. Baada ya hapo iwashe hivi, ukibadilisha jina la faili:

java -Dsun.java2d.uiScale=2 -jar hesabu.jar

Tumia namba kamili, yaani 2. Programu zilizojengwa kwa Qt, zana nyingine ya kuundia programu, zenyewe zinakubali nusu: unatanguliza QT_SCALE_FACTOR=1.5 mbele ya jina lake. Za Windows zinazoendeshwa kupitia Wine, fungua winecfg, sehemu ya "Graphics", upandishe ile 96 ya huko. Na Firefox ikigoma, andika about:config pale pa anwani, tafuta layout.css.devPixelsPerPx, ubadilishe -1.0 iwe 1.25.

Niliweka asilimia 200 kwenye Ubuntu. Dirisha la mipangilio limekuwa kubwa hadi vitufe viko nje ya kioo, siwezi kurudisha. (Msomaji wa Kigoma)

Shika kitufe cha Super, kile chenye alama ya Windows, ukokote dirisha kwa kipanya ukishika popote ndani yake. Litapanda juu kupita ukingo na vitufe vya chini vitaonekana. Ikishindikana, fungua terminali kwa Ctrl, Alt na T, andika:

rm ~/.config/monitors.xml

Kisha toka na uingie tena. Mipangilio ya skrini itaanza upya, mafaili yako hayaguswi. Siku nyingine ukibadilisha kipimo, usiharakishe kubofya "Keep Changes". Ukikaa kimya sekunde 20, Ubuntu inajirudi yenyewe.

Mama yangu ana macho hafifu sana, hata 1.5 haimtoshi, na nikipandisha zaidi menyu zinajaa kioo kizima. Anatumia Xfce kusoma barua pepe za wajukuu. (Binti, Tanga)

Mpe mama pole na salamu zangu. Yeye usimkuzie zaidi, mwachie 1.5 (yaani DPI 144), ila umpe lenzi. Kwenye Xfce, ukishika Alt na kuzungusha gurudumu la kipanya kwenda mbele, kioo kizima kinasogea karibu pale mshale ulipo. Ukilirudisha nyuma, kinatulia. Isipofanya kazi, ingia "Window Manager Tweaks", sehemu ya "Compositor", uwashe. Kwenye Ubuntu lenzi hiyo inawashwa kwa Super, Alt na 8. Kaa naye jioni moja, mkono wake wa kushoto kwenye Alt, wa kulia kwenye gurudumu, aifungue barua moja mwenyewe tangu menyu hadi jina la mjukuu.