Mlango wa kabati la Kiholanzi ukipasuka, acha gundi dukani

Dada mmoja wa Rotterdam amenitumia ujumbe. Kanunua mnadani kabati la kale la mwaloni, lile pana lenye miguu ya mviringo, na tangu wawashe hita mlango umepata ufa toka juu hadi chini. Anauliza gundi ipi inashika zaidi. Dada yangu, hakuna. Gundi si dawa ya ugonjwa huo.

Mimi useremala nimejifunzia Keko, Dar es Salaam. Nilipopata kazi kwenye karakana ya samani za kale huku Uholanzi, walinipa ufagio. Mtu wa Keko, walidhani, anajua nyundo na msumari tu. Siku moja ukaletwa mlango kama wa huyu dada. Wakubwa wakabishana kuhusu vanishi, mimi nikaupindua. Kwa nyuma mbao zilisimama wima, na kila ncha ilifungwa kwa ubao uliolazwa, umegundishwa kwa nguvu zote. Nikaonyesha kwa kidole: kinachopasua ni hiki. Kazi ikafanyika hivyo, mteja akafurahi, akasifiwa mwingine. Bado linaniuma, sifichi.

Ubao ukikauka husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausogei. Kwa hiyo mbao za wima zinataka kujibana, ule uliolala unazikatalia, mlango unachanika. Enzi za nyumba za baridi na unyevu mambo yalikwenda. Hita za karne ya 20, zinazokausha hewa, ndizo zilizoharibu. Hata Jan van Mekeren wa Amsterdam (1658–1733), bingwa wa maua ya vipande vya mbao za rangi, hakunusurika: milango ya makabati yake imechunguzwa na watafiti kwa tatizo hilihili. Milango ya fremu ndiyo hupona, maana paneli inakaa kwenye mfereji bila gundi, inajinyoosha itakavyo.

Basi nunua kipima unyevu wa hewa, chumba kikae karibu asilimia 50 bila kupandapanda na kushuka. Kabati lisikae jirani na hita. Ufa usiouma mtu uache: ukiujaza sasa hita zinawaka, kiangazi cha huku hita zikizimwa ubao utavimba, ukose pa kwenda, upasuke pembeni. Vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu, ikiinuka tumia gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo kesho inalegezwa kwa maji ya moto. Msasa usiguse kabisa. Na nyie vijana mnaodharauliwa karakanani, someni nyuzi za mbao, acheni kugombania sifa. (Najua, nami nagombania.)

Ukihama, usiliburute. Vua taji la juu, toa milango, kisha tafuta ndani kabari za mbao zinazoshikilia vipande. Makabati makubwa mengi yaliundwa yafunguke vipandevipande, kwa sababu ngazi za nyumba za Amsterdam ni nyembamba na mizigo hupandishwa dirishani kwa kamba.