Kasi ya Mlalo Isiingie Kwenye Mlinganyo wa Wima

Wadogo zangu wa kidato cha tano, nimesahihisha madaftari 20 ya zoezi la kitu kilichorushwa mlalo, na katika 12 nimekuta kosa ambalo mimi mwenyewe lilinigharimu. Ninawapenda, lakini uvumilivu wangu kwa kosa hili umekwisha.

1. Gawanyeni ukurasa kwa mstari, upande mmoja uwe wa mlalo na wa pili uwe wa wima. Kinachoruhusiwa kuvuka mstari huo ni muda peke yake.

2. Kasi ya awali ya wima ni sifuri. Mnaikariri nyote, kama nilivyoikariri mimi, ambaye asubuhi ya mtihani wa majaribio nilikuwa nimemweleza mwenzangu wa dawati, kwa ufasaha kabisa, kwamba mwendo wa mlalo hauathiri ule wa wima. Saa mbili baadaye nikapewa mpira unaoondoka ukingoni mwa meza yenye kimo cha mita 1.25 kwa kasi ya 4 m/s, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ikiwa 10 m/s². Nilipoona u, yaani kasi ya awali, kwenye mlinganyo wa wima s = ut + ½gt², nikaijaza 4: 1.25 = 4t + 5t². Nikapata sekunde 0.24, na mpira wangu ukaanguka sentimita 96 kutoka mezani. Swali lilitaka pia tuthibitishe kwamba kasi ya kufika sakafuni ni takriban 6.4 m/s; nikaandika v² = u² + 2gs = 16 + 25, jibu likatoka lile lile, nami nikaacha kabisa kujikagua. Kumbe mlinganyo huo ni sawa na hesabu ya nishati, ambayo haijali mwelekeo wa kasi ya awali, hivyo njia yangu mbovu ilikuwa lazima itoe kasi sahihi hata kama muda na umbali vyote vilikuwa vimeharibika. Kipengele cha mwisho kiliuliza muda utakuwaje kasi ya awali ikiongezwa mara mbili, nami nikajaza nusu ukurasa nikieleza kwamba mpira utawahi kufika chini. Kwa u ya wima kuwa sifuri, 1.25 = 5t², hivyo muda ni sekunde 0.5 katika hali zote mbili. Kinachobadilika ni umbali, kutoka mita 2 hadi mita 4. Alama zilizopotea nilizisahau, lakini ile nusu ukurasa ninaikumbuka hadi leo, kwa sababu niliyakana kwa maandishi maneno niliyoyafundisha asubuhi.

3. Geuzeni vipimo kwanza: 72 km/h ni 20 m/s.

4. Pembe ya kufikia ardhini hutokana na kasi mbili za mwisho, wima juu ya mlalo. Uwiano huo ndio tanjenti ya pembe; kwa mpira wangu ni 5/4, yaani pembe ya takriban 51°, na muandike "chini ya mlalo", maana pembe isiyotajwa inapimwa kutoka wapi haijakamilika.

Asiyeniamini kuhusu muda achukue sarafu mbili na meza. Moja aisukume kwa rula iruke mbali, na wakati huohuo nyingine aiachie ianguke wima kutoka ukingoni, kisha afumbe macho asikilize kama sakafu italia mara moja au mara mbili.