Maswali ya Wasomaji: Kutu Inayorudi Usiku Mmoja

SWALI: Nililoweka koleo na bolti kwenye siki kwa siku tatu. Zilitoka safi, nikazisuuza na kuziacha zikauke. Asubuhi zilikuwa na rangi ya machungwa tena. Je, siki ni dhaifu?

JIBU: Siki imefanya kazi yake, tena kupita kiasi. Kutu imerudi kwa sababu ya yale ambayo hayakufanyika baada ya kuzitoa. Chuma kinachotoka kwenye asidi hakina mafuta wala utando wowote wa kukikinga, na asidi iliyojificha kwenye meno ya bolti huendelea kukila. Ukikiacha kikauke chenyewe, maji na hewa humalizia.

Safari ijayo anza kwa kuondoa grisi kwa maji ya moto na sabuni. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa kuona kutu imebaki madoa madoa: asidi haipenyi mafuta. Siki ya kawaida, yenye asidi asilimia 5, huhitaji usiku mmoja hivi. Asidi ya sitriki (unga wa asidi ya ndimu), gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji, mara nyingi humaliza kwa saa chache, na sisi tunaipendelea. Kila baada ya muda toa kifaa, ukisugue kwa brashi ya waya, ukiangalie. Kutu ikiisha asidi hugeukia chuma chenyewe, ndiyo maana siku tatu huacha uso mweusi wenye vishimo.

Ukikitoa, kisuuze, kisha kitumbukize kwa dakika 10 kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti ya soda kwa kila lita ili kuua asidi. Malizia kwa maji ya moto sana, kwani chuma chenye joto hukauka haraka. Kifute, kipulize hewa kwenye mapengo, na ukipake mafuta ya mashine papo hapo. Kama utakipaka rangi, acha mafuta. Piga rangi ya msingi siku hiyohiyo.

SWALI: Naweza kuloweka springi na nati zilizopakwa zinki?

JIBU: Springi, hapana. Asidi hutoa haidrojeni ambayo huingia ndani ya chuma kilichokazwa kwa joto na kukifanya kiwe rahisi kukatika, pengine siku nyingi baadaye kikiwa kimebeba mzigo. Tumia brashi na mafuta mepesi. Kwenye nati, asidi huila zinki kabla hata ya kumaliza kutu.

SWALI: Nang'arisha kwa gurudumu la kitambaa lakini mikwaruzo haiondoki.

JIBU: Gurudumu haliondoi mikwaruzo ya msasa, linaing'arisha tu. Rudi kwenye msasa: namba 120, 240, 400, kisha 600, na kila ukibadilisha namba sugua kwa kukatisha mwelekeo wa awali. Usipande namba kabla mistari ya zamani haijafutika yote. Kwenye gurudumu paka dawa ya kung'arishia kidogo tu; ikizidi huganda nyeusi. Shika kifaa chini ya usawa wa katikati ya gurudumu, ukingo wake ukielekea upande linakozungukia, la sivyo litakunyang'anya na kukirusha. Vaa miwani, lakini glavu ziweke kando: zikinaswa, huvuta na mkono.