Maswali ya Wasomaji: Machozi ya Jana Novotná

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kila mashindano ya tenisi ya Wimbledon, huko Uingereza, yanapokaribia husikia watu wakimtaja mchezaji kutoka Jamhuri ya Czech aliyelia begani mwa mke wa mwanamfalme baada ya kushindwa. Ni nani huyo, na je, ni kweli kwamba alikuwa na kipaji lakini hakuwa na moyo wa kumalizia mechi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, unayemuulizia ni marehemu Jana Novotná, aliyezaliwa mwaka 1968 mjini Brno, nchi yake ilipokuwa ingali Chekoslovakia.

Mechi yenyewe ni fainali ya mwaka 1993 dhidi ya Mjerumani Steffi Graf. Katika seti ya tatu na ya mwisho, ambayo mshindi hutakiwa kufikisha gemu sita, Novotná aliongoza gemu 4 kwa 1, akabakiza pointi moja tu afikishe 5 kwa 1. Mchezaji wa tenisi hupewa nafasi mbili za kuanzisha mpira. Mpira wa kwanza aliukosea, na wa pili ukapitiliza mstari kwa mbali. Kuanzia hapo Graf alichukua gemu tano mfululizo na ubingwa ukaenda kwake. Wakati wa kukabidhiwa tuzo, Duchess wa Kent, ndiye huyo mke wa mwanamfalme, alimfariji kwa kumwambia kwamba ipo siku atashinda, na hapo Novotná akamlalia begani akilia mbele ya uwanja mzima.

Sitakuficha kwamba hofu ilimponza zaidi ya mara moja. Mwaka 1995, katika mashindano ya Ufaransa, alimwongoza Chanda Rubin wa Marekani gemu 5 kwa 0 katika seti ya mwisho, na bado akashindwa. Hata hivyo, kusema hakuwa na moyo ni kumdhulumu, kwa sababu mtindo wake wa kucheza ulikuwa ule unaodai ujasiri kuliko yote: akishaanzisha mpira alikimbilia wavuni papo hapo, ili aupige unaporudi kabla haujagusa ardhi. Anayebaki nyuma ya mstari hupata muda wa kujirekebisha. Anayekwenda wavuni huamua kwa kufumba na kufumbua, na akikosea kila mtu anaona. Novotná, akifundishwa na Hana Mandlíková, aliyekuwa mwenyewe bingwa wa mashindano makubwa (yale manne yaitwayo Grand Slam), hakuuacha mtindo huo hata baada ya maumivu ya 1993.

Alirudi katika fainali ya Wimbledon mwaka 1997, akashindwa na Martina Hingis. Mwaka uliofuata alimwondoa Venus Williams katika robo fainali na Hingis huyo huyo katika nusu fainali, kisha akamshinda Mfaransa Nathalie Tauziat kwa 6–4, 7–6. Alikuwa na umri wa miaka 29, na aliyemkabidhi sahani ya ubingwa alikuwa Duchess yule yule.

Wanaomkumbuka kwa machozi peke yake husahau pia kwamba alikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa wawili wawili. Alitwaa mataji 12 ya mashindano makubwa akicheza na wanawake wenzake na manne ya mchanganyiko wa mwanamke na mwanamume, na pamoja na Helena Suková alipata medali ya fedha katika Olimpiki za 1988 na 1996. Katika mchezo wa mmoja mmoja alifika nafasi ya pili duniani. Alistaafu mwaka 1999.

Saratani ilimwondoa Novemba 2017, akiwa na miaka 49. Kabla ya hapo alikuwa amemfundisha Barbora Krejčíková, binti wa huko huko kwao, ambaye alipokuwa na miaka 18 alikwenda na barua hadi mlangoni kwa Novotná kumwomba msaada. Mwaka 2024 Krejčíková alishinda Wimbledon, na alipoonyeshwa ubao wa mabingwa wenye jina lake pamoja na la mwalimu wake, alilia.