Hiyo L.C. Smith ya zamani, usiipige bado

Kaka umeuliza kama hiyo L.C. Smith geji 16, ile shotgun ya Kimarekani ya mitutu miwili, uliyookota kwa bei ya bure huko Iowa inafaa kuwindia, inafaa ila subiri kwanza, nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia chemba yake (pale risasi inapokaa) ni fupi, inchi 2 na 9/16, na risasi za dukani siku hizi ni 2 na 3/4 so mpe fundi bunduki aipime na akague mitutu, kama ni damaski (mitutu ya zamani ya vyuma vilivyosokotwa pamoja) hata usijaribu. Halafu cheki kitako nyuma ya loki (mtambo wa kufyatulia), Smith zina ugonjwa wa kupasuka hapo, mbao ikilowa oili miaka na miaka inalegea. Na please usiisugue ikang'aa kama sufuria, ule uchakavu ndo utamu wenyewe.