Tarehe ya harusi haitangazwi kabla ya risiti

Wiki hii nawajibu wanaotaka kuwapa wageni tarehe mapema.

"Shikamoo shangazi. Tunafunga ndoa kanisani Februari 2027 na tumeshatuma tarehe kwenye magrupu ya WhatsApp. Tumewahi mno?" — Bibi harusi mtarajiwa, Kimara

Marahaba mwanangu. Kuwahi si kosa. Ila hukuniambia Februari tarehe ngapi, wala kama parokia imekubali. Jumatano ya Majivu mwaka huo ni tarehe 10 Februari, Pasaka ni 28 Machi, na katikati hapo parokia nyingi hazifungishi ndoa. Ramadhani nayo inatazamiwa kuanza siku hizohizo, kutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo majirani zako Waislamu watakuwa wamefunga. Kama hamkuchagua Jumamosi ya tarehe 6 au kabla yake, kesho asubuhi uwe ofisi ya parokia.

Nasema kwa uchungu. Kijana wa dada yangu alitangaza tarehe 14 Juni kabla ya kumwona padri, kumbe siku hiyo askofu anakuja kutoa Kipaimara. Kadi 150 zilikuwa zimeshachapwa. Tulikaa sebuleni watu wanne na kalamu nyeusi, tunakata 14 tunaandika 21, mpaka saa sita usiku. Pamoja na hayo, mama mkubwa mmoja wa Songea habari hazikumfikia. Alifika ile tarehe ya kwanza, kitenge cha zawadi kwenye mfuko wa rambo, akakuta geti la ukumbi limefungwa. Sura yake ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo anzeni na mahali pa ibada, wawajibu kwa maandishi. Halafu ukumbi, na risiti ya advansi iwe mkononi. Ahadi ya meneja kwenye simu si kitu. Watu wa mwisho ndio magrupu.

"Tunafungia bomani, hatuna haja ya haya yote?" — Dodoma

Mnayo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtoe notisi siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Pelekeni notisi kwanza.

"Niweke na namba ya kuchangia humohumo kwenye tangazo la tarehe?" — Katibu wa kamati, Mwanza

Usiweke. Mtu ukimpa tarehe umemwambia unamtaka siku yako. Ukiibandika na namba ya simu ya kutumia pesa, anachosoma ni deni. Kadi za mchango zina wakati wake, baada ya kikao cha kwanza. Na nyie wanakamati, acheni kufuta majina ya wasiochanga. Jirani aliyemsuka bibi harusi nywele tangu yuko chekechea hana elfu hamsini, basi asimwone akiolewa? Mnaumiza watu.

"Ndugu zetu wako Muscat na Dubai. Tuwape miezi mingapi?" — Unguja

Sita. Wana waajiri wa kuwaomba likizo na watoto walio shule. Msichague siku zinazogusana na Idi, kwa sababu mwezi ukiandama tofauti ratiba yote inaharibika. Saa nayo iandikwe kwa maneno: mkiweka 10:00 mkimaanisha saa kumi alasiri, kijana aliyekulia Muscat ataisoma saa nne asubuhi. Na bibi zetu wa Mji Mkongwe msiwatumie picha kwenye simu ya mjukuu. Wamezoea kufuatwa mlangoni, wakaalikwa kwa mdomo. Tumeni mtu.

"Kadi ya sendofu haitoshi kuwa taarifa ya harusi?" — Wengi

Haitoshi. Nimeshalijibu hili mara tatu mwaka huu. Sendofu ni ya upande wa mwanamke. Wa upande wa kiume wengi hawaioni hiyo kadi. Someni majibu kabla ya kuandika.

"Mama mkwe hataki tutangaze tarehe mpaka suala la mahari likae sawa. Tumsubiri?" — Bwana harusi, Moshi

Msubirini. Si lazima mahari yote iwe imelipwa, lakini kama wazee wa binti hawajaitamka tarehe, hiyo tarehe bado haijawa yenu. Najua mnaitaka Desemba watu wakiwa nyumbani, na mabasi ya kutoka Dar hujaa mapema, hivyo wageni wanahitaji kujua. Basi mtume mshenga wiki hii. Mzee akiitaja tarehe mbele yake, watumieni watu jioni hiyohiyo.